Njia ya Maji ya Nalembo

Mwalimu Agatha alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Si ugonjwa wa hospitali, maana huo angeupatia dawa. Huu wake ulikuwa wa mdomoni. Akiona jirani ameezeka bati jipya, atataka kujua la zamani limekwenda wapi. Akienda msibani, atauliza marehemu alikula nini mara ya mwisho, mpaka wafiwa wamkate jicho. Pale Newala mjini, kwenye shule anayofundisha historia, walimu wenzake walimwita Hakimu, na yeye badala ya kuona haya alikuwa akiitika.

Siku ugonjwa wenyewe ulipopanda, chanzo kilikuwa Mwalimu Gideoni wa jiografia. Walikuwa ofisini wanakunywa chai ya saa nne kwa mihogo, Gideoni akamsogezea simu yake. Ilikuwa picha ya kilima chenye kuta za mawe zilizobomoka, na katikati ya mawe mipungate imeota, ile mimea minene ya miba. Kilikuwa kijiji cha Wapalestina, Gideoni akaeleza, kilichotolewa watu mwaka arobaini na nane na nyumba zake zikavunjwa baadaye. Wajukuu wa waliokuwa wakikaa pale huja kutafuta nyumba za bibi zao. Nyumba hawazioni, ila mipungate iliyokuwa ua wa bibi bado imesimama, haikubali kufa, basi wanaifuata hiyo.

"Nipe niione vizuri," Agatha akasema, akaikwapua simu. "Na wakishaona ua, wanajuaje mlango ulikuwa upande gani?"

"Haya, Hakimu kaanza! Nitajuaje mimi?" Gideoni akacheka. "Hebu nami nikuulize moja. Wewe mwenye historia yako, kwani huku kwetu hakuna kijiji kilichohamwa?"

Ofisi nzima ikacheka, lakini Agatha hakucheka. Kijiji hicho alikijua, kwa jina tu. Kiliitwa Nalembo, kilikuwa juu ya uwanda upande wa Chilangala, na mama yake mzazi alizaliwa huko. Miaka yake yote aliyokuwa akiuliza watu mambo yasiyomhusu, lile la kwao lilikuwa limemshinda. Kila alipomgusia mama yake Nalembo, mama alibadilisha mazungumzo kama mtu anayegeuza chapati.

Basi akaanza kuchimba. Alimpigia Reginald, mwenyekiti wa kijiji kilicho jirani na pori lile, wakaamkiana, na Reginald akampa habari iliyomfanya akae chini. Pori lote la Nalembo lilikuwa linakwenda kusafishwa. Trekta lingeingia Jumatatu, patengenezwe shamba la pamoja la mikorosho. Wameshatangaza msikitini na kanisani: mwenye kaburi la ndugu yake mle aje alionyeshe, lizungushiwe alama, trekta lilikwepe. Baada ya hapo, kaburi lisiloonyeshwa lingekuwa udongo kama udongo mwingine.

Kungoja Jumapili kungekuwa kuchelewa. Agatha aliomba ruhusa, Alhamisi akawa Chiungutwa nyumbani kwa mama yake.

Bibi Josephina alikuwa uani anapepeta mbaazi. Mwanamke wa miaka sabini hivi, mwembamba, wa kanisani kila Jumapili, na asiyependa maneno mengi. Majirani walikuwa wakishangaa amemzaaje Agatha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja na maswali?"

"Vyote viwili."

"Chakula kipo jikoni. Maswali rudi nayo Newala."

Agatha akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akamweleza habari ya trekta. Hakuzunguka. "Mama, kama kaburi la bibi liko huko Nalembo, inabidi twende ukawaonyeshe kabla ya Jumatatu. Si alizikwa huko?"

Ungo ulisimama mikononi mwa Bibi Josephina.

"Sijui," akasema.

"Hujui alizikwa wapi?"

"Sijui kama alizikwa."

Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya mtu anayetaja bei ya chumvi, neno ambalo hakuwahi kumwambia mtoto wake yeyote. Mwaka wa sabini na nne gari la operesheni lilikuja Nalembo kuwahamishia watu kwenye kijiji kipya. Mama yake, Bibi Winfrida, alikuwa na kidonda mguuni, mguu umevimba mpaka gotini, hapandi gari hashuki. Akawaambia wanawe watangulie, yeye angekuja na gari la pili, apate kwanza kuanua mihogo yake iliyokuwa juani. Gari la pili halikuja. Kurudi wakakatazwa. Paa za nyumba zikaangushwa ili mtu asipate pa kurudia. Baadaye kaka yake, Gasper, alitoroka akaenda. Alifika kwenye chitala, ile baraza ya wanaume ya katikati ya kijiji, akaona nyumba zote zimelala chini, akaita, akaita tena, hakuitikiwa. Woga ukamshika, akageuza mbio.

"Akaja akasema hakuna mtu," Bibi Josephina akaendelea. "Basi, ikawa hivyo. Shemeji yetu mmoja alikuwa amelewa, akasema fisi wa kule siku hizo walinenepa. Alisema tu kwa pombe zake. Mimi nimelala na neno hilo mpaka leo."

Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, Agatha alikosa swali. Alimtazama mama yake, mwanamke aliyemvalisha sare, aliyemchapa kwa kuchelewa, aliyemwimbia, na kumbe siku zote hizo ana fisi kifuani. Halafu, kwa kuwa Agatha ni Agatha, swali likarudi.

"Twende tukaangalie?"

"Nikikuta hakuna?"

"Utakuta hakuna. Sasa hivi unakaa na nini?"

"Nakaa na mbaazi!" mama akafoka, akaanza kupepeta kwa hasira hadi nyingine zikarukia kuku. Agatha akainuka akawafukuza kuku. Mbaazi zilipokuwa safi kabisa, hazihitaji kupepetwa tena, mama akasema bila kumtazama, "Jumamosi. Na usinijazie watu."

Jumamosi asubuhi walikwenda kwa bodaboda mbili. Bibi Josephina alipakiwa na Salmini, mwanamume wa makamo aliyeaminika kwa sababu alikuwa mwoga wa mwendo. Reginald aliwasubiri mwanzo wa pori amevaa buti, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye kazi nyingi na trekta moja la kukodi.

"Shikamoo, Mama Agatha. Karibu kwenu," akasema kwa heshima, akawaongoza kwenye barabara ya zamani ya vumbi iliyopasua kichaka. Akafika penye uwazi kidogo, akanyoosha mkono. "Nalembo ndiyo hii. Marehemu baba alinionyesha mwenyewe. Chitala ilikuwa hapa, penye kichuguu. Huku walikuwa akina fulani, na mpaka wa kijiji ulikwenda vile. Sasa mama, tuonyeshe nyumba."

Bibi Josephina alitazama kulia, akatazama kushoto. Alitazama kichuguu.

"Hapa sipajui," akasema.

Wakamzungusha. Wakapita kwenye mikorosho iliyozeeka na kulaliana, wakapita kwenye upupu uliowawasha mpaka Salmini akaapa kwamba angeongeza nauli. Kila baada ya hatua kadhaa Agatha anauliza, "Hapa je? Na hapa?" na mama anajibu sipajui, sipajui, kila jibu dogo kuliko lililotangulia. Jua likapanda. Bibi Josephina akavuta kanga kichwani, akakaa juu ya gogo, akawa mdogo ghafla.

Reginald akamvuta Agatha pembeni. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Bibi umri umekwenda. Mimi kaburi la kubahatisha siwezi kuliwekea alama. Nikianza hivyo, kila mtu atakuja na kaburi lake, trekta litalima wapi?"

Alikuwa na haki yake, na hilo ndilo lililomuudhi Agatha. Aliyesababisha yote haya ni yeye. Mama alikuwa amejifungia mlango wake vizuri, yeye akaja kuupiga teke, na sasa amemtoa kwenye mbaazi zake amemleta kwenye upupu kumthibitishia kwamba hata kijiji chenyewe kimempotea.

"Turudi," Bibi Josephina akasema. "Nilikwambia ni pori."

Agatha akachuchumaa mbele yake. Angeweza kusema pole mama, twende. Angekuwa mtu mwingine angesema hivyo.

"Mama, swali moja. Ulipokuwa msichana, ulikuwa ukifika nyumbani unatokea wapi?"

"Swali gani hilo la kijinga?"

"Nijibu tu, mama."

"Kisimani. Ningetokea wapi?"

"Hukuwahi kutokea huku barabarani?"

"Barabara ipi? Barabara ilikuja na gari. Siku niliyoiona ndiyo siku niliyoondoka."

Agatha akapiga paja lake kofi. "Salaale! Reginald, tumekosea! Tumemwingiza mtu kwao kwa mlango wa nyuma!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Huko juu ya uwanda tangu zamani maji hakuna. Ardhi inakunywa mvua yote, na maji yenyewe yanatokea chini kabisa, bondeni. Kwa hiyo mwanamke wa Nalembo aliamka gizani, akateremka genge, akachota, akapanda mlima na maji kichwani, na kilichomwonyesha kwao kilikuwa kijiji kinachojitokeza kutoka chini, paa kwa paa. Wanaume ndio waliokaa juu kwenye chitala, wakijua mipaka na nani anapakana na nani. Reginald alionyeshwa na baba yake, baba yake alionyeshwa na wanaume wenzake, na wote walikuwa sahihi. Ila Nalembo ya chitala na Nalembo ya kisimani hazikuwa na sura moja, na Bibi Josephina alikuwa na ile ya pili.

Kuteremka kwa pikipiki iliwabidi wazunguke mbali, Salmini akimwomba Mungu kila kona. Chini kulikuwa na kijiji kidogo na chemchemi iliyojengewa saruji, na mwanamke wa rika la Agatha alikuwa anajaza madumu. Jina lake Shamila. Alimwamkia Bibi Josephina akipiga goti, akawauliza wageni wanatafuta nini.

"Kisima cha Nalembo," Bibi Josephina akajibu. "Lakini si hiki. Chetu kilikuwa na jiwe pana la kutua mzigo."

"Jiwe lipo, bibi. Nyuma ya matete yale. Siku hizi hatuchoti huko."

Wakayapenya matete. Jiwe lilikuwepo, pana kama kitanda, limelainika katikati. Bibi Josephina aliliangalia kitambo. Halafu akavua viatu, akampa Agatha avishike, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupanda.

Loo! Agatha alikuwa hajamwona mama yake akitembea hivyo. Njia haikuonekana, kulikuwa na majani matupu na mizizi, lakini yeye aliipanda kama kuna mtu anamshika mkono. Shingo ilinyooka, mabega yakatulia, kwa vile mwili ulikuwa umejikumbushia mzigo. Shamila aliacha madumu yake akafuata kwa kutaka kuona mwisho wake, Reginald akafuata akihema ndani ya buti zake.

"Hapa kuna kona," Bibi Josephina anasema kabla kona haijaonekana, na kweli kona inatokea. "Hapa tulikuwa tunapumzika. Kuanzia hapa huongei, pumzi ni ya kufikia tu."

"Nani alikuwa anatangulia?" Agatha akauliza.

"Mama. Daima mama, mpaka alipopata kidonda."

"Mlikuwa mnaimba?"

"Si nimekwambia huongei! Utaimbaje?" Lakini alikuwa akijibu. Kila swali alijibu, hata yale ya kipuuzi, na Agatha alimfuata nyuma na viatu mkononi akila majibu kama mtu aliyefunga kutwa.

Walipofika juu, hawakutokea pale penye kichuguu. Walitokea pembeni kabisa, ukingoni, kwenye kichaka ambacho asubuhi hawakukikanyaga. "Nyumba ya kwanza ya Mama Bonifasi," Bibi Josephina akasema akionyesha kwa kidole. "Inafuata ya fundi wa kusuka mikeka. Halafu sisi." Na kweli, ukichunguza, chini ya majani kulikuwa na matuta ya udongo mwekundu wa kuta zilizoanguka, moja, jingine, na jingine.

"Kumbe," Reginald akasema taratibu. "Baba hakuwahi kunifikisha huku."

Kwenye tuta la tatu Bibi Josephina akasimama.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Agatha mwenyewe alijikuta anasubiri kuitikiwa. Mama yake alibaki amesimama, mguu mmoja mbele, asiingie, na Agatha akajua hapa ndipo palipo na fisi. Akampita, akatangulia yeye. Alizunguka tuta akipekua majani kwa mikono, akiomba kimoyomoyo kuwe na kitu, kitu chochote, kuliko udongo mtupu wa kumrudishia mama yake. Upande wa mlango, hatua chache kutoka mahali njia ya maji inapoingilia, akaona mawe.

Mawe yalikuwa yamepangwa marefu, kadiri ya mtu. Kichwani pake kulikuwa na chungu cha udongo kimepinduliwa kifudifudi, nusu kimezama ardhini. Agatha akakikwangua ukoga. Kwenye kitako kilikuwa na tundu la mviringo, limetobolewa makusudi.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama, njoo! Alizikwa!"

Kila mtu pale alijua maana ya tundu lile. Huku kwetu maiti akishafukiwa, huchukuliwa chombo alichokitumia, kikatobolewa na kuwekwa juu ya kaburi lake, ili kisitumiwe tena na mtu mwingine. Upepo hautoboi chungu, wala fisi hapangi mawe. Ilikuwa kazi ya watu, wenye mikono na adabu zao. Reginald aliliona, na bila kuambiwa akachomoa panga akaanza kukata vijiti vya kuzungushia alama.

Agatha alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akimkumbatia Shamila ambaye hata hawajuani vizuri. Mzigo wote umeshuka, alifikiri, tumekwisha kushinda. Alipogeuka akamkuta mama yake amepiga magoti kwenye mawe, anapitisha kidole kwenye kitako cha kile chungu, anakizunguka, anakizunguka tena, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Ndicho chungu cha bibi?" Agatha akauliza.

"Cha kwetu?" Bibi Josephina akatikisa kichwa. "Vyungu vya kwetu nilivipakia vyote kwenye gari, kwa mikono yangu hii. Nilijua anakuja kesho yake. Sikumwachia hata kimoja."

"Sasa hiki?"

Mama alitazama kule walikotokea, njia inakozamia genge kuelekea bondeni. Shamila naye akatazama huko kwao, mkono mdomoni.

"Mguu ule usingeweza kushuka kisimani," Bibi Josephina akasema. "Kuna mwanamke alikuwa anampandishia maji. Simjui. Alipanda siku moja akamkuta mama amekufa, akaita watu wakamzika. Akatafuta chombo ndani cha kumwekea, hakuna, mwanawe kachukua vyote. Akamwaga maji yake, akatoboa hiki, akashuka mlima wote ule kichwa kitupu."